Nani Aliyekutahini

Kijana wa Lamu, Ngazija au Unguja aliyetaka kwenda kuongeza elimu Hadhramaut au Makka katika karne ya 19 hakubeba matokeo ya mtihani. Alibeba majina ya walimu wake. Ijaza, ile ruhusa ya sheikh kwamba mwanafunzi huyu amenisomea kitabu fulani na sasa aweza kukisomesha, ilimtaja aliyemsomesha sheikh mwenyewe, na aliyemsomesha huyo naye, hadi kumfikia mtunzi wa kitabu. Mwalimu wa huko ugenini alizipitia silsila hizo, kisha akamketisha mgeni mbele yake na kumsikiliza akisoma. Kwa njia hiyo Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisoma Makka na Hadhramaut kabla ya kufungua madrasa yake Ukutani, Unguja. Seyyid Ahmad bin Sumeyt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alipitia Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka, akarudi Unguja kuwa kadhi aliyeheshimika pwani nzima.

Utaratibu huo ulikuwa na mambo mawili: kuna aliyekudhamini, na kuna wewe mwenyewe ukisikilizwa. Ukiangalia jinsi vyuo vikuu vya ng'ambo vilivyowapima waombaji kutoka Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, hasa waliotafuta shahada ya uzamili, utaona jambo la kwanza likizidi kunenepa na la pili likisinyaa.

Mwaka 1858 yalitokea Uingereza mambo mawili yaliyokuja kuamua maisha ya wasomi wengi wa upande huu wa dunia. Chuo Kikuu cha London kilipewa hati mpya iliyokiruhusu kumtahini mtu aliyesoma popote, hata kama hajawahi kukanyaga darasa lake. Mwaka huohuo Cambridge iliunda bodi ya mitihani kwa ajili ya shule za nje ya chuo, na kabla ya miaka ya 1860 kwisha bodi hiyo ilikuwa imekwisha vuka bahari hadi Trinidad. Kufundisha kukawa kazi ya mmoja, kutahini kazi ya mwingine. Himaya ilipopanuka, mtihani ulisafiri haraka kuliko chuo.

Kwa mwanafunzi wa Tabora, Mombasa, Budo au Unguja, Cambridge lilikuwa jina la mtihani kabla ya kuwa jina la mji. Maswali yalikuja kwa meli, majibu yakarudi kwa meli, na matokeo yakasubiriwa kwa miezi huku familia ikiishi roho juu. Cheti kilimpanga mtu daraja la kwanza, la pili au la tatu, na mpango huo ulikita mizizi kiasi kwamba mzazi wa Tanzania leo, mtoto wake akimaliza kidato cha nne, swali lake la kwanza bado ni divisheni ngapi.

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kwa miaka mingi haikuwa na shahada ya kutoa. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1943 hadi 1945 akatoka na stashahada ya ualimu. Kwa hiyo alipofika Edinburgh mwaka 1949 alianza shahada ya kwanza. M.A. aliyorudi nayo mwaka 1952 imeandikwa mara nyingi kuwa ya uzamili, lakini katika vyuo vikongwe vya Scotland M.A. ndiyo shahada ya kwanza ya sanaa. Makerere iliingia ubia na London mwaka huohuo wa 1949, na mwaka 1953 ikatoa wahitimu wake wa kwanza wa shahada. Walisomea Kampala, ila shahada ilikuwa ya London, na karatasi zao za mtihani zilipitiwa na watahini wa London. Tangu hapo mhitimu wa Makerere aliyeomba nafasi ya uzamili Uingereza hakuulizwa mengi, kwa kuwa aliyempima alikuwa Mwingereza mwenzao. Ngugi wa Thiong'o, kwa mfano, alimaliza Makerere mwaka 1963 na mwaka uliofuata alikuwa Leeds.

Lakini ni wangapi walioishia mlangoni?

Mombasa, mwaka 1949, Ali Mazrui alifanya mtihani wa Cambridge. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kijana akapata daraja la tatu, na kwa daraja hilo Makerere haikumchukua. Akapata kazi katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, na hadithi yake ingeweza kukomea hapo, pamoja na za vijana wengi wa pwani ambao leo hakuna anayezikumbuka. Kilichomnusuru ni hotuba. Katika sherehe ya Maulidi alisimama kuzungumza, na miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza alikuwemo Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Mazrui mwenyewe alisimulia baadaye jinsi hotuba hiyo ilivyomfungulia njia ya ufadhili wa serikali. Akapelekwa Huddersfield kukamilisha masomo ya sekondari, akaingia Manchester na kuhitimu mwaka 1960 kwa alama za juu kabisa. Mwaka 1961 alipata uzamili Columbia, New York, na mwaka 1966 uzamivu Oxford. Kabla hata ya hiyo shahada ya Oxford, mwaka 1965, Makerere ileile ilikuwa imekwisha mfanya profesa na mkuu wa idara ya sayansi ya siasa.

Mtu alikuwa yuleyule. Ufasaha uliowanyamazisha watu kwenye Maulidi ulikuwepo siku aliyoketi kwenye chumba cha mtihani, ila karatasi haikuwa na mahali pa kuuonyesha. Na Columbia ilipomkubali ilikuwa na rekodi ya Manchester mezani. Daraja la tatu la Mombasa halikuwa tena na uzito. Aliyekutahini mwisho ndiye anayesikilizwa. Wenye bahati ni wale wanaopata nafasi ya kutahiniwa mara ya pili, na bahati haifai kuwa mfumo wa udahili.

Wapo waliopenya bila karatasi. Mwaka 1935 Jomo Kenyatta alianza masomo ya juu ya anthropolojia katika chuo cha uchumi cha London, LSE, ingawa hakuwa na sifa zilizotakiwa kwa kozi hiyo. Profesa Bronislaw Malinowski aliamini kwamba Mwafrika anayewaandika watu wake mwenyewe ana kitu ambacho mgeni hana, akamchukua. Matunda yake ni kitabu juu ya Wakikuyu kilichotoka mwaka 1938. Peter Mbiyu Koinange naye alipanda ngazi za Marekani moja baada ya nyingine: Hampton, Ohio Wesleyan, kisha Columbia. Kila chuo kilimdhamini kwa kile kilichofuata.

Njia hiyo ya Marekani ndiyo iliyoleta mgogoro mkubwa wa vyeti nchini Kenya. Mwezi Septemba 1959 ndege iliruka kutoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81, matokeo ya juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili safari ziendelee, na kwa jumla wanafunzi wapatao 800 walivuka hadi mpango ulipokwisha mwaka 1963. Vyuo vya Marekani vilisoma barua za waombaji, barua za walimu na matokeo ya shule, na vingi vilikuwa tayari kumjaribu mtu. Serikali ya kikoloni haikufurahia. Maofisa wake walidai kwamba vyuo hivyo ni hafifu na kwamba shahada zake hazilingani na za Uingereza.

Mmoja wa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai. Alisoma biolojia katika chuo kidogo cha watawa wa Kikatoliki kule Atchison, Kansas, chuo ambacho ofisa wa Nairobi hangekifahamu hata kwa jina. Alihitimu mwaka 1964, Chuo Kikuu cha Pittsburgh kikampokea, na mwaka 1966 akapata uzamili. Mwaka 1971 Nairobi ilimpa uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuupata. Hoja ya ubora hafifu ilijibiwa na maisha yake.

Upande wa pili wa Vita Baridi walikuwa na dawa yao: asiyetosha vigezo alifundishwa kwanza, akapimwa baadaye. Raila Odinga aliondoka Kenya mwaka 1962 akaanzia Taasisi ya Herder, Leipzig, mahali ambapo wageni walipikwa kwa Kijerumani na masomo ya maandalizi. Baadaye akaingia Magdeburg na mwaka 1970 akatoka mhandisi, na shahada ambayo kwa kawaida huhesabiwa sawa na uzamili. Mpango wa namna hiyo ni ghali na unakula muda, lakini una heshima ndani yake, kwa sababu haumuulizi mtu alitoka shule gani kabla ya kumpa nafasi ya kujifunza.

Lugha ikawa kizingiti cha peke yake. Cambridge ilipotunga mtihani wake wa Kiingereza kwa wageni mwaka 1913, walijitokeza watahiniwa watatu, wakakaa takriban saa 12, na wote watatu wakaanguka. TOEFL ya Wamarekani ilianza mwaka 1964. Waingereza walileta mtihani wao mwaka 1980, ambao tangu 1989 unaitwa IELTS. Matokeo ya mitihani hii huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili. Mtu aliyesoma sekondari na chuo kikuu chote kwa Kiingereza pale Makerere au Dar es Salaam anaweza kutakiwa athibitishe upya kwamba anakijua, kwa ada inayolipwa kwa dola. Orodha ambayo serikali ya Uingereza huitumia kuwasamehe wageni mtihani huo wakati wa kuomba viza haina nchi hata moja ya Afrika Mashariki. Vyuo vyenyewe mara nyingi vina huruma zaidi, na baadhi hukubali alama ya Kiingereza ya kidato cha nne.

Nchi zetu, kwa upande wao, ziliamua kutahini zenyewe. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1963, kikavunjwa 1970 na kuzaa vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Baraza la mitihani la kanda liliundwa mwaka 1967, lakini Tanzania ilijitoa na kuanzisha NECTA mwaka 1973. Kenya ikafuata na KNEC mwaka 1980, Uganda na UNEB mwaka 1983. Ulikuwa uamuzi wa kujitawala, na ulikuwa sahihi. Bei yake ni kwamba jina la London liliondoka kwenye cheti, na wapimaji wa ng'ambo wakaanza kuuliza maswali waliyokuwa hawaulizi zamani.

Kujibu maswali hayo kumekuwa biashara kamili. New York kuna taasisi ya WES, inayothamini vyeti vya kigeni tangu 1974. Uingereza kazi hiyo hufanywa na ofisi iliyoko Cheltenham. Msajili wa chuo hufunga rekodi ya alama ndani ya bahasha, akagonga mhuri pale kifuniko kinapokutana na bahasha ili ikifunguliwa njiani ijulikane. Anayeipokea hutazama kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake, masomo yalichukua miaka mingapi, na alama zina maana gani. Hapo penye alama ndipo watu huumia. Nairobi, alama 70 ni A. Katika vyuo vingi vya Marekani, 70 ni C. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia GPA yenye kilele cha 5, na kuanzia 3.5 mtu yuko daraja la pili la juu, daraja la kujivunia. Mtu wa udahili akigawa hiyo 3.5 kwa 5 na kuzidisha kwa 4, kana kwamba anabadilisha fedha, anapata 2.8. Shule nyingi za uzamili Marekani zinataka angalau 3.0. Kwa hesabu hiyo ya darasa la sita, mwanafunzi mzuri ameondolewa kabla insha yake haijasomwa. Mpimaji anayejua kazi huangalia daraja na nafasi ya mwanafunzi kati ya wenzake, siyo mgawanyo wa namba.

Mapambano ya kulirekebisha hili yana anwani ya nyumbani. Mwezi Desemba 1981, mjini Arusha, nchi za Afrika zilitia saini mkataba wa kutambuliana vyeti vya elimu ya juu. Ulaya ilipata wake Lisbon mwaka 1997, na ndani yake mna kanuni muhimu: chuo kinachokataa cheti cha mtu ndicho chenye jukumu la kuonyesha tofauti kubwa iliyopo, wala si mwombaji kujitetea. Mkataba wa Arusha ulifumwa upya Addis Ababa mwaka 2014 kwa kufuata kanuni hiyohiyo, ukaanza kufanya kazi Desemba 2019.

Mtihani wa sasa uko ndani ya kanda yenyewe. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza kuwa eneo moja la elimu ya juu, na mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya ikiwa na mfumo uliotokana na Wabelgiji. Kwa miaka mingi Mkongomani alisoma graduati miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Mageuzi ya karibuni yameifanya lisansi mpya kuwa ya miaka mitatu, ikifuatiwa na masta ya miwili. Mwalimu wa Bukavu mwenye lisansi ya zamani, iliyomgharimu miaka mitano, akipeleka karatasi yake kwenye dirisha la udahili Nairobi, asiyejua tofauti atamweka sawa na mhitimu wa miaka mitatu na kumwambia aanze uzamili upya. Anayejua ataomba orodha ya masomo na saa zake, ailinganishe mwaka kwa mwaka, na pengine ampeleke moja kwa moja kwenye uzamivu. Kazi ya kuwafanya maofisa wa udahili wa nchi zote nane wasome karatasi kama hiyo kwa namna moja iko mikononi mwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala.