Nani Anamlipia Nauli Mchangia Mayai?

Tuanze na maziwa, manake huku Pwani stori ya mwili na malipo haikuletwa na kliniki. Sura ya At-Talaq, aya ya 6, inamwagiza mume aliyemwacha mkewe ampe ujira wake akimnyonyeshea mtoto. Na mtoto akinyonyeshwa na mwanamke mwingine, huyo anakuwa mama yake wa kunyonya, na wanawe wanakuwa ndugu zake asioweza kuwaoa. Yaani wazee wetu walijua zamani kwamba kazi ya mwili inaweza kulipwa na undugu ukabaki undugu. Hakuna aliyesema mtoto ameuzwa.

Yai ni jambo jingine, najua. Mwaka 1980 Al-Azhar, kule Misri, ilitoa fatwa kwamba mimba ya maabara inafaa kwa mume na mke, lakini mtu wa tatu asiingie. Waislamu wengi wa Mombasa wanashika hiyo. Kule Iran, mwaka 1999, Khamenei aliruhusu uchangiaji wa mayai. Mjadala huo nawaachia masheikh. Langu ni dogo: msichana ambaye tayari ameamua kutoa, anastahili nini?

Historia yenyewe ni fupi. Louise Brown, mtoto wa kwanza kutungwa nje ya mwili, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Kufikia 1984, watoto wa mayai ya kuchangiwa walikuwa wamezaliwa Australia na Marekani. Kenya ikapata watoto wake wa kwanza wa maabara mwaka 2006, Nairobi.

Tangu hapo swali la pesa halijaisha. Uingereza, sheria ya 1990 iliweka mamlaka ya kusimamia mambo haya, na kwa miaka mingi mchangiaji alipewa pauni 15 na gharama zake. Walitaka ibaki zawadi. Lakini zawadi gani inayokugharimu siku za kazi? Mwaka 2012 wakapandisha fidia ya mayai hadi pauni 750, na 2024 ikasogea karibu na 1,000. Angalia vizuri: hulipwi kwa kila yai, unalipwa kwa mzunguko mzima. Afrika Kusini, sheria yao ya afya inaruhusu kurudishiwa gharama za haki, si zawadi juu yake.

Marekani wao waliachia soko. Chama cha madaktari wa uzazi kilisema mwaka 2000 kwamba zaidi ya dola 5,000 inahitaji sababu, na zaidi ya 10,000 haifai. Wachangiaji wakaenda kortini 2011, wakisema madaktari wamekula njama kuwashushia malipo. Kesi ikaisha kwa maelewano 2016 na viwango hivyo vikaondolewa. Kumbe hata neno "maadili" linaweza kutumika kumlipa mwanamke kidogo.

Sasa turudi nyumbani. Millie Odhiambo, mbunge wa Suba Kaskazini, amekuwa akisukuma mswada wa uzazi wa kusaidiwa tangu 2014. Mmoja ukaanguka, mwingine ukaandikwa. Novemba 2025 Bunge la Taifa lilipitisha ule wa 2022, unaokataa biashara ya kubeba mimba, ukasubiri Seneti. Miaka hiyo yote kliniki hazikusubiri mtu. Bei ilikuwa ya ajenti na mwenye shida.

Na shida tunaijua. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usiniambie karo ni jambo dogo. Msichana wa Likoni akiitwa kliniki Nyali, feri ya miguu ni bure, lakini matatu ya kuvuka kisiwa si bure, wala tuktuk ya mwisho. Na haendi mara moja. Atapimwa damu, atajidunga sindano za homoni kwa siku kumi hivi au zaidi, atarudi mara kadhaa kupigwa picha ya ovari, kisha atalazwa kwa dawa ya usingizi mayai yatolewe kwa sindano. Kwa kawaida mwili hukomaza yai moja kwa mwezi; hapa unalazimishwa kukomaza kumi na zaidi. Wachache huvimba tumbo, maji yakajaa, wakaishia hospitali.

Ndiyo maana fidia na bei si kitu kimoja. Bei inahesabu mayai: yakitoka mengi unapata, yakitoka machache shauri yako. Fidia inahesabu wewe: nauli, chakula, siku za kazi ulizokosa, maumivu, hatari. Ukidunga sindano siku nane daktari akasimamisha, siku zako nane bado ni zako na zinalipwa. Ukiugua baadaye, bili si yako.

Wengine wanaogopa kwamba malipo makubwa yatawavuta maskini. Ni kweli, lakini kumlipa maskini kidogo hakumlindi, kunamfanya awe rahisi tu. Kinachomlinda ni kiwango kilichoandikwa, mkataba wa lugha anayoielewa, daktari asiyelipwa na ajenti, na ruhusa ya kusema "nimeghairi" hata asubuhi ya mwisho.

Daktari analipwa. Ajenti analipwa. Maabara inalipwa. Mtu pekee anayeambiwa atoe kwa moyo safi ni yule anayelala kitandani. Kama kuna rafiki yako ameshaitwa, mwambie aulize hayo manne kabla ya sindano ya kwanza, na ajibiwe kwa maandishi.