Kwa Nini Tunabadilisha Gari Namanga

Kila kundi ninalolipokea Namanga lina mtu mmoja wa kuuliza. Ametoka Nairobi alfajiri, kakizoea kiti chake, kamzoea na dereva wake Mkenya, na karatasi yake ya ratiba inasema safari ni moja: Kenya, Tanzania, kisha ndege hadi Rwanda na Uganda, wiki mbili kasoro. Mara anaona mabegi yanashushwa kwenye gari la namba za Kenya yanapakiwa kwenye langu. "Mbona hatuendelei na gari lile lile?" Vijana ninaofanya nao kazi hujibu ni sheria, basi. Mimi humwambia asubiri tuipite Longido. Barabara ni nzuri siku hizi, na kutoka mpakani hadi Arusha ni kilomita kama 110. Habari yenyewe inaenea humo.

Wageni wengi hudhani mzunguko huu wa nchi kadhaa kwa siku chache ni ubunifu wa juzi. Kutembea nchi hadi nchi ni kwa zamani, ila hakukuwa kwa siku chache. Theodore Roosevelt, mara tu alipotoka kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909, akazunguka nchi ambazo leo ni Kenya na Uganda, akagusa na ncha ya Kongo ya Wabelgiji, akatokea Khartoum Machi 1910. Karibu mwaka mzima, wapagazi zaidi ya mia mbili alipoanza, na wanyama 512 waliouawa na yeye pamoja na mwanawe. Hiyo ilikuwa safari ya tajiri asiye na haraka. Mwalimu wa shule wa Ujerumani mwenye likizo ya wiki tatu hakuwa na nafasi humo.

Nafasi yake ilipatikana baada ya vita vya pili vya dunia, na haikuletwa na kitu kimoja. Hifadhi zilitangazwa moja baada ya nyingine: Nairobi 1946, Tsavo 1948, Serengeti 1951, kisha Uganda wakafungua Murchison Falls na Queen Elizabeth mwaka 1952. Shirika la ndege la East African Airways, mali ya nchi zote za Afrika Mashariki, likaanza kurusha ndege za jeti aina ya Comet mwaka 1960. Filamu ya Hatari! ya John Wayne, iliyopigwa upande wetu wa Arusha, ikatoka 1962. Na juu ya yote kulikuwa na jambo ambalo kijana wa leo haliamini ukimwambia: hadi 1966 shilingi ilikuwa moja, Kampala, Mombasa na Tabora. Hata kila nchi ilipochapisha noti zake, kwa miaka kadhaa thamani zililingana. Mjomba wangu alizitenga kwenye makopo matatu ya tumbaku chini ya kiti, na anasema kazi ya makopo ilikuwa kuzuia wageni wasichanganyikiwe. Yeye hakuona tofauti.

Mjomba ni mtu wa Machame aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi akapata usukani. Aliendesha Kombi ya kampuni moja ya pale, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Ratiba yake bado anaikariri kama mtu anayetaja vituo vya treni: Nairobi, Amboseli, Namanga, Arusha, Manyara, Ngorongoro, Seronera, Lobo, kisha anavuka kaskazini kwenye njia ya Bologonja, anaingia Mara, anapandisha Nakuru, anarudi Nairobi. Duara kamili. Hakuna barabara aliyopita mara mbili. Hilo ndilo lililokuwa likiuzwa: mgeni asirudie kuona alichokwisha kuona. Waliokuwa na siku za ziada walipelekwa Tororo, Jinja na Kampala, wakapanda boti Paraa kwenda kuangalia maji ya Nile yakijibana mwambani na mamba wakiota jua kandoni.

Watu huuliza kwa nini makundi yalikuwa madogo, wakidhani ni kwa ajili ya fahari. Hapana. Madirisha ndiyo yaliyoamua. Kombi ya Volkswagen inabeba watu tisa bila shida, na ikitumika kama daladala inabeba wasiohesabika. Lakini mtu aliyevuka bahari kuja kumwona simba hakubali kumwangalia kupitia bega la mwenzake, kwa hiyo walipakia sita, wakizidi saba. Paa lilikatwa likawekewa mfuniko wa kunyanyua, na sita ndio wanaoweza kusimama kwenye tundu lile bila kusukumana viwiko. Gari la leo ni Land Cruiser iliyorefushwa chasisi hapa hapa Arusha, ina friji na sehemu ya kuchajia simu, na bado inabeba sita au saba. Hata gorila wa Rwanda na Uganda hutembelewa na wageni wanane tu kwa kila familia, kwa saa moja. Mabasi makubwa hayakupata nafasi katika kazi hii.

Kundi dogo lina matatizo yake, nayo hayamo kwenye vipeperushi. Watu sita wasiofahamiana, vumbi, jua, siku kumi. Mjomba alinifundisha kuzungusha viti kila asubuhi kabla hajatokea wa kudai cha mbele, na nisimruhusu mtu yeyote kukaa pembeni yangu siku mbili mfululizo, hata awe mgonjwa wa kichefuchefu. Dereva asiyezungusha viti atafika Ngorongoro na kundi lisilosemeshana. Nimewaona wenzangu wakikosa bakshishi kwa kosa hilo tu, wakati chui walimpata.

Pembe ya kwanza ya duara kung'oka ilikuwa Uganda. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, mwaka uliofuata akawafukuza Waasia, na wageni wakaanza kuikwepa Kampala. Majina ya hifadhi yalibadilishwa, Murchison ikawa Kabalega na Queen Elizabeth ikawa Rwenzori, lakini hata kwa majina yao halisi zisingepata watu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipopita, tembo wa kule walikuwa wamechinjwa kwa bunduki za askari wa kila upande. Mjomba hakurudi tena Paraa.

Zikabaki nchi mbili, na kati ya hizo mbili ndiko kulikokuwa na manung'uniko ya miaka mingi. Hapa huwa nazungumza polepole, kwa sababu mgeni akisikia habari ya 1977 hudhani ni ugomvi wa mashirika ya ndege tu. Msingi wake ni hesabu ya kawaida. Mgeni alilipia safari Ulaya au Nairobi. Alitua Nairobi. Gari la Nairobi, dereva wa Nairobi, mafuta yaliyojazwa Nairobi, mara nyingi hata chakula cha mchana kwenye boksi kilifungwa Nairobi. Tanzania ilikuwa na Serengeti na kreta ya Ngorongoro, vitu vilivyompandisha mgeni ndege, na ikapata kiingilio cha hifadhi na usiku mmoja au miwili kitandani. Serikali ilijenga hoteli Manyara, Ngorongoro, Seronera na Lobo. Ile ya Lobo, iliyofichwa kwenye mwamba, iliwekwa palipofaa kwa magari ya kwenda na kutoka Mara. Ikajenga na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa 1971, ili mgeni atue huku moja kwa moja. Mashirika ya nje yaliendelea kuipenda Nairobi.

Na kumbuka ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha. Mwaka 1970 gazeti la Standard la Dar es Salaam lilijaa mabishano, vijana wa TANU wakihoji kama nchi ya kijamaa ina sababu ya kujenga hoteli za kifahari ili wananchi wake wabebe mabegi ya matajiri. Issa Shivji aliyakusanya mabishano hayo akayatoa kama kitabu mwaka 1973. Nimekisoma nikiwa mtu mzima, mbeba mabegi kwa taaluma. Baadhi ya hoja zao siwezi kuzijibu mpaka leo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza 1967, makao yake makuu yakiwa mjini kwetu, ilikuwa imechoka tayari. Mwanzoni mwa 1977 East African Airways ikasimama kwa madeni, Kenya ikaanzisha shirika lake siku hizo hizo, na tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka. Magari na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa zimeleta watalii zikazuiliwa.

Mjomba alikuwa Seronera. Anasimulia kwamba waliambiwa walete magari yote ya namba za K mjini Arusha, wakayapanga uani kwa mstari, funguo zikakusanywa kwenye sahani ya bati. Wageni wake walipelekwa hadi Namanga, wakavuka kwa miguu, mama mmoja wa Kiswisi akiwa amebeba kinyago cha Mmakonde kifuani kama mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa Mtanzania, hakuna wa kumzuia kubaki; tatizo ni kwamba mke na watoto walikuwa Nairobi, mtaa wa Pangani. Alikwenda kuwafuata kwa njia za panya za Tarakea. Kombi aliiacha uani, na miezi ilivyokwenda ikapoteza betri, kisha matairi, kisha viti. Hadi leo akitaja ile gari hutaja na namba yake.

Miaka iliyofuata sitaisimulia kwa kirefu. Hoteli za mbugani zilikuwa na vitanda bila walalaji, majenereta bila vipuri, na baada ya vita vya Kagera mafuta yakawa ya kupanga foleni. Kenya nayo ilibaki na Mara bila Serengeti, ikaitangaza kwa nguvu, ikajaa magari. Filamu ya Out of Africa ilipotoka 1985 wageni walimiminika Nairobi kuliko wakati wowote.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya nchi tatu kukubaliana kugawana mali za Jumuiya, msuluhishi akiwa Victor Umbricht, Mswisi. Lakini duara halikurudi. Mwaka 1985 Kenya na Tanzania ziliandikiana makubaliano ya utalii: gari la watalii la Kenya litaleta wageni mpaka sehemu zilizotajwa, halitaingia kwenye hifadhi zetu, na letu vilevile kwao. Na ile njia ya Bologonja kati ya Serengeti na Mara ikabaki imefungwa kwa watalii. Hapo ndipo lilipo jibu la mgeni wangu. Anabadilisha gari Namanga kwa sababu ya karatasi ile ya 1985, iliyoandikwa na watu waliokuwa wanaikumbuka vizuri hesabu ya mafuta na boksi za chakula.

Na mimi ni zao la karatasi hiyo. Nilikuwa utingo kwenye gereji ya mtaa wa Unga Limited nikifunga springi za malori, wakati makampuni ya Arusha yalipoanza kutafuta madereva, kwa kuwa sasa kila mgeni aliyevuka Namanga alihitaji gari la Kitanzania na mtu wa kuliendesha. Mjomba, aliyepoteza kazi kwa mpaka, ndiye aliyenifundisha kazi niliyoipata kwa mpaka. Tunapokaa pamoja Sikukuu ya Krismasi hatukubaliani. Yeye anaililia Afrika Mashariki ya makopo matatu. Mimi nauliza: Arusha ile ilikuwa na madereva wangapi wa watalii wenye nyumba zao?

Jumuiya mpya ilitiwa saini Arusha 30 Novemba 1999. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikatoa viza moja ya watalii, dola 100, siku 90, kuingia na kutoka katika nchi hizo tatu. Tanzania haikujiunga. Mwisho wa mwaka huo huo Kenya ikayazuia magari yetu ya watalii kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ikidai karatasi ile ile ya 1985 ifuatwe. Nasi tukapunguza safari za Kenya Airways kuja huku. Marais wa wakati huo, Kikwete na Uhuru Kenyatta, waliumaliza ugomvi huo Machi 2015, wakiwa ugenini Namibia. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nampokea mgeni aliyeburuta begi mwenyewe kutoka mlangoni mwa uwanja hadi tulipoegesha mbali. Namanga yenyewe tangu Desemba 2018 ina kituo kimoja cha pamoja, maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na muhuri unapigwa haraka kuliko tunavyohamisha mabegi.

Sasa vijana wanaitaka Bologonja. Wanasema ni aibu: mgeni yuko Lobo, Mara iko pale, na ili aifikie kwa gari lazima atoke hifadhini, apite Tarime, avuke Sirari, ashike Migori, arudi mashariki, siku nzima imeishia barabarani, asiyetaka hilo analipia ndege, na hela ya ndege haimfikii dereva. Katika vikao vyetu mimi husimama kuwapinga. Njia ikifunguliwa, nawaambia, mgeni atalala Mara, atakuja Serengeti kuona nyumbu asubuhi, atarudi Mara kula chakula cha jioni. Wananijibu kwamba hata sasa nusu ya wageni wangu wamelipia Nairobi, na kwamba Lobo kukijaa hata miezi minne tu ya nyumbu, ni wao watakaohitajika, si mimi ninayekaribia kurudisha funguo. Kikao kilichopita walinishinda kwa kura za mikono.