Alama Moja, Kazi Mbili
Mtu anayepachika saraka ya seva nyingine kwenye Linux, kisha akaambiwa nywila si sahihi ilhali ameiandika herufi kwa herufi, kwa kawaida huambiwa kwamba kosa ni lake: angechagua nywila isiyo na alama ya mkato. Jibu hilo limerudiwa miaka mingi, lakini historia hailiungi mkono. Mkato uligeuka adui wa nywila kwa sababu ya uamuzi uliofanyika kabla mafaili hayajaanza kupachikwa kupitia mtandao, kwamba taarifa na mipaka ya taarifa viandikwe kwa herufi zilezile, ndani ya mstari mmoja. Tiba nyingi zilizofuata hazikuumaliza ugomvi huo. Ziliuhamisha tu kutoka alama moja hadi nyingine.

Uamuzi wenyewe ulikuwa na busara yake. Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969, ilikuzwa juu ya maandishi ya kawaida. Faili la watumiaji, /etc/passwd, lilitenganisha sehemu zake kwa nukta mbili, na mtu aliweza kulisoma kwa macho na kulirekebisha kwa kihariri chochote. Watu wa BSD, tawi mojawapo la Unix, walipotunga /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa mashine inapowaka, walifuata desturi hiyohiyo. Katika 4.2BSD ya mwaka 1983 mstari wake ulisomeka hivi: `/dev/hp0a:/:rw:1:1`. Majina ya diski na saraka yalitungwa na haohao waliolisimamia faili. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutia nukta mbili ndani ya jina, basi hakuna aliyeona hatari.

Sun Microsystems ndio walioleta sababu hiyo. NFS yao, itifaki ya kupachika mafaili kupitia mtandao iliyotoka mwaka 1985, ilihitaji kutaja vitu viwili kwa pamoja, seva na saraka iliyomo ndani yake, nao wakaviunganisha kwa nukta mbili, kama vile `seva:/nyumbani`. Mstari wa fstab wa mtindo wa zamani usingeweza kulibeba jina hilo bila kulikata katikati. Katika SunOS, mfumo wao wa uendeshaji, sehemu za mstari zikatenganishwa kwa nafasi, na machaguo ya kupachika, ambayo sasa yalikuwa mengi, yakapangwa kwa mikato. Linux ikarithi sura hiyo. Nukta mbili ikawa huru, nafasi na mkato vikafungwa. Jambo hilo halikuuma mapema, kwani watu wa Unix hawakuwa na mazoea ya kuacha nafasi ndani ya majina ya mafaili. Kisha mwaka 1995 ikaja Windows 95 na saraka yake ya `Program Files`, na pamoja nayo majina ya nyaraka yenye urefu wa sentensi. Saraka za namna hiyo zilipopachikwa kwenye Linux, ndani ya fstab ilibidi nafasi iandikwe `\040`, yaani namba 32 ya ASCII kwa hesabu ya msingi wa nane. Lakini mkwaju wa kinyume uliobebeshwa kazi hiyo ukawa nao hauwezi tena kuandikwa vivi hivi, ikabidi upewe namba yake, `\134`. Hata nukta mbili haikudumu na uhuru wake: anwani za IPv6 zimejaa nukta mbili, na katika NFS hufungwa kwa mabano ya mraba ili ijulikane anwani inaishia wapi na saraka inaanzia wapi.

Kilichoufichua udhaifu huu kuliko vyote ni nywila. NFS ya awali haikuiweka nywila miongoni mwa machaguo. Iliiamini tu namba ya mtumiaji iliyotumwa na mashine, jambo lenye hatari zake. SMB, itifaki ya Windows, ilitaka jina na nywila, na moduli ya cifs inayoihudumia itifaki hiyo katika Linux 2.6 ya mwaka 2003 ilivipokea ndani ya orodha ileile ya mikato. Ukiandika `password=Samaki,saba`, msomaji wa orodha anaona nywila `Samaki` na chaguo geni liitwalo `saba`. Na miaka ileile ofisi nyingi zilikuwa zikiwalazimisha wafanyakazi watie alama za uandishi katika nywila. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kulipendekeza sharti hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2017. Kabla ya hapo mtu aliamriwa na kanuni moja aweke alama, na kanuni nyingine ikamwadhibu kwa kuiweka. Watunzi wa cifs walilijua tatizo, wakaongeza chaguo la `sep=` la kubadili kitenganishi: ukiandika `sep=.` mwanzoni, nukta inachukua nafasi ya mkato. Mwenye nywila yenye mkato akaokoka, na mwenye nywila yenye nukta asithubutu kuitumia njia hiyo.

Wapo watakaosema kwamba alama za mtajo zinatosha. Hazitoshi, kwa sababu amri moja hupita kwa wasomaji kadhaa. Programu ya kusoma amri huzivua alama za mtajo kabla `mount`, programu ya kupachika, haijaona kitu, na mkato unafika mbele ukiwa uchi. Ndiyo maana muktadha wa SELinux, mfumo wa usalama wa Linux, wenye mkato, kwa mfano unaoishia `c127,c456`, hufungwa mara mbili: mtajo mmoja wa nje na wa pili wa ndani. Kwetu Waswahili liko jingine dogo: saraka iitwayo `Ng'ambo` inapita salama ndani ya fstab, lakini kwenye mstari wa amri ile ritifaa yake inafungua mtajo, na mashine inakaa ikisubiri kufungwa kwake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba maandishi ya kawaida yametufaa kwa nusu karne, na kuyaacha kwa ajili ya alama chache ni hasara. Nakubali kwamba faili linalosomeka ni mali. Ila kusomeka kwa macho si sawa na kueleweka. Katika /etc/exports, faili la seva ya NFS kwenye Linux, `/data ofisi1(rw)` inairuhusu mashine moja kuandika. Tia nafasi moja kabla ya mabano, `/data ofisi1 (rw)`, na ruhusa ya kuandika inakwenda kwa mashine yoyote inayoifikia seva, huku ofisi1 ikibaki na masharti ya kawaida. Macho ya mwanadamu huiruka nafasi hiyo. Kinachotakiwa ni mpaka usioandikwa kwa herufi ambazo taarifa yenyewe inaweza kuzitumia, na hilo halihitaji kuyatupa maandishi.

Linux 5.2, ya mwaka 2019, ilileta wito wa `fsconfig`, ambao hupeleka chaguo moja kwa wakati, jina mbali na thamani mbali, bila haja ya mkato kati yao. Programu ya `mount` ya kawaida ilianza kutumia njia hiyo katika util-linux 2.39 ya mwaka 2023. Ni suluhisho la kweli, lakini limekuja upande wa kerneli. Mstari wa fstab bado ni orodha ya mikato kama ulivyokuwa SunOS. Kwa cifs dawa ya uhakika iko tayari: mwongozo wa `mount.cifs` wenyewe unakiri kwamba nywila yenye mkato haisomwi vizuri kwenye mstari wa amri, lakini husomwa sawasawa ikiwa katika faili la `credentials=`, ambako mpaka ni mwisho wa mstari. Basi usiibadili nywila yako: iweke katika faili hilo, lipe ruhusa ya 600 ili mwenyewe tu alisome, na katika fstab taja njia yake tu.