Kupasha injini moto

Kupasha injini moto ni kuwasha gari na kuliacha lingurume mahali pamoja kwa muda, ili oili ienee na vyuma vipate joto kabla ya kubeba mzigo wa safari. Ni desturi ya asubuhi katika makazi mengi ya Tanzania, ikiwemo Kamunyonge, kata ya Manispaa ya Musoma mkoani Mara. Kwa gari la kisasa la petroli katika hali ya hewa ya Musoma, nusu dakika hadi dakika moja inatosha. Joto linalobaki hupatikana barabarani kwa mwendo wa taratibu. Mabasi na malori yenye breki za upepo yana sababu nyingine ya kusubiri.

Istilahi

Kitenzi ni kilekile cha kupasha kiporo, au cha mchezaji anayepasha misuli kabla ya mechi. Kisichanganywe na kuchemsha: gari lililochemsha limezidiwa na joto, na pengine maji yanafoka kwenye rejeta. Mngurumo wa gari lililosimama bila kukanyagwa mafuta mafundi huuita silensa. Kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama ni kupiga resi.

Injini ikiwa baridi

Gari likilala, oili hushuka na kutulia kwenye sampo, na juu ya vyuma hubaki utando mwembamba tu. Stata ikipigwa, pampu huisukuma oili hadi kwenye kranki, kamshafti na vali, na taa nyekundu ya oili huzimika ndani ya sekunde chache. Sekunde hizo ndizo zenye msuguano mkubwa, na ndiyo maana kupiga resi mara tu injini inapowaka ni kosa.

Baada ya hapo yapo mambo mawili yanayohitaji muda zaidi. Kwanza, pistoni za alumini hutanuka zaidi kwa joto kuliko silinda za chuma, kwa hiyo zikiwa baridi huwa na nafasi kubwa kuliko iliyokusudiwa. Pili, petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye kuta baridi. Injini hupewa mafuta mengi zaidi ili isizimike, na sehemu ya mafuta hayo husafisha oili kwenye kuta za silinda na kuchuruzika hadi kwenye sampo. Injini iliyoachwa kwenye silensa hutoa joto kidogo, hivyo hali hiyo hudumu muda mrefu kuliko ambavyo ingedumu kama gari lingekuwa linatembea. Aidha, silensa haipashi giaboksi, difu wala beringi za magurudumu. Vifaa hivyo hupata joto kwa mwendo.

Asili ya desturi

Desturi hii ilikuwa ya lazima enzi za kabureta. Dereva alivuta choki ili kupunguza hewa, kisha akairudisha kidogo kidogo injini ilipoanza kutulia. Aliyeondoka mapema, gari lilikohoa na kumzimikia njiani.

Hali ilibadilika mafuta yalipoanza kupimwa na kompyuta. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa umeme wa kupuliza petroli, uliofungwa kwenye Volkswagen 1600, na kufikia miaka ya 1990 kabureta ilikuwa inatoweka kwenye magari mapya. Magari madogo yaliyotumika Japani na kuletwa Tanzania, kama vile Toyota Probox na IST, yote mawili yaliyoanza kuuzwa mwaka 2002, hayana choki. Sensa husoma joto la maji, na kompyuta hupandisha silensa yenyewe, kisha huishusha. Hata hivyo desturi ilirithiwa, kwa kuwa anayefundisha udereva mara nyingi hufundisha alichofundishwa.

Oili na baridi ya Musoma

Kwenye galoni la oili huandikwa namba kama 5W-30, 15W-40 au 20W-50. Herufi W huhusu majira ya baridi ya nchi za kaskazini. Namba iliyo kabla yake hueleza wepesi wa oili ikiwa baridi, na ya mwisho uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Oili ya 20W hupimwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sifuri.

Musoma iko kando ya Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ziwa hupunguza makali ya usiku, na asubuhi za kawaida huwa na nyuzi joto 17 hadi 19. Hata oili nzito ya 20W-50 haifiki karibu na mpaka wa baridi yake hapa. Dereva wa Makete au Njombe mwezi Julai ana sababu kubwa zaidi ya kusubiri. Na Kanada, ambako oili inaweza kuganda kama uji, wenye magari huchomeka hita ya umeme kwenye injini usiku kucha. Ujerumani, pamoja na baridi yake, kanuni za barabarani zinakataza kuacha injini ikinguruma bila sababu.

Dizeli, breki za upepo na pikipiki

Injini nyingi za dizeli za zamani, ikiwemo ya Land Cruiser ya 1HZ, hupasha chumba cha mwako kwanza kwa plagi za joto. Dereva hufungua swichi, husubiri taa ya manjano yenye umbo la springi izimike, ndipo anapiga stata.

Basi linalonguruma alfajiri katika stendi ya Bweri mjini Musoma huwa linajaza upepo. Springi hufunga breki za maegesho mpaka kompresa ijaze mitungi, na kuondoka kabla geji haijafika panapotakiwa ni hatari kwa abiria. Injini zenye tabo hazipigwi resi zikiwa baridi, na baada ya mwendo mkali huachwa silensa kidogo kabla ya kuzimwa.

Bodaboda nyingi bado zina kabureta na choki. Choki ikisahauliwa juu, plagi hushika masizi na mafuta huisha haraka.

Tahadhari

Gari halipashwi ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Hasara nyingine ni ya mfuko: gari dogo lililosimama likinguruma linaweza kuteketeza karibu lita moja ya petroli kwa saa bila kusogea hatua.

Baadhi ya mafundi huondoa themostati ili gari lisichemshe. Bila kifaa hicho, ambacho kwa kawaida hufunguka maji yakikaribia nyuzi 82 hadi 90, injini huchelewa kupata joto, na kompyuta huendelea kuipa mafuta ya ziada.

Safari fupi

Kwa mkazi wa Kamunyonge, tatizo kubwa kuliko baridi ni ufupi wa safari. Mjini Musoma si mbali, na geji ya joto husoma maji, si oili, ambayo huchelewa. Gari huzimwa sokoni kabla oili haijapata joto la kutosha kufukuza unyevu na petroli iliyochanganyika nayo. Maji hubaki pia kwenye bomba la moshi na kulitia kutu. Kuongeza dakika za silensa uani hakuponyi hali hiyo. Gari la namna hii humwagwa oili mapema kuliko la safari ndefu, na hunufaika likipelekwa mara kwa mara Butiama au Bunda: kilomita za kwanza bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, kisha mwendo wa kawaida.