Nani aliwafundisha rumba?

Ndugu wasikilizaji, huenda mmeona kwenye simu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza wakishindana kucheza rumba kule Blackpool. Haifanani na yetu. Mguu unachelewa kidogo, na kiuno kimefungwa kwa sheria.

Sheria hizo zina wenyewe: Mfaransa aliyeitwa Monsieur Pierre na mwenzake Doris Lavelle, walimu wa dansi London. Mwaka wa 1947 Pierre alikwenda Cuba, akakuta wenyeji wanaanza hatua kwenye pigo la pili, siyo la kwanza kama alivyozoea kufundisha. Mwalimu mwenye jina akakubali kuwa mwanafunzi tena. Namheshimu kwa hilo. Walimu wengine wakabisha, ugomvi ukadumu miaka, lakini njia yake ndiyo iliyoingia vitabuni, na walimu wa vyuo wanaifuata hadi leo.

Kwetu rumba haikupitia kitabu. Ilikuja na diski za GV, zilizoanza kutolewa mwaka wa 1933, zenye nyimbo za Cuba, kisiwa ambako watu wa Kongo walipelekwa utumwani. Watu wakajifunza barani, kwa kuangalia miguu ya mwenzao. Desemba 2021 UNESCO iliandikisha rumba ya Kongo zote mbili. Majina ya wale waliowaonyesha wengine hatua hayakuandikwa.

Wazee mlioko kambini, mliocheza wakati wa Grand Kallé: mwambieni mjukuu aandike nani aliwafundisha, na wapi. Mtuletee, tutayasoma hewani.