Ngome ya Kalenga: ukuta ulibomolewa, jina likabaki

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, baada ya kilomita 15 hivi unafika Kalenga, kijiji kilicho kando ya Mto Ruaha Mdogo. Mgeni asiyeelekezwa hupita mashamba na nyumba za tofali bila kujua kwamba amekanyaga uwanja wa ikulu. Hapa ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambayo watu wake waliiita Lipuli.

Ukuta wake wa mawe na udongo ulipita kimo cha mtu, ukazingira makazi ya watu, ng'ombe, maghala ya baruti na akiba ya pembe za ndovu. Ufundi huo haukutoka Ulaya. Jirani na mahasimu wa Wahehe, Wasangu wa Merere, walikuwa na ngome Utengule, katika tambarare ambazo leo ni wilaya ya Mbarali, Mbeya. Mwaka 1877 balozi Mwingereza, James Elton, alipita huko akakuta Wahehe wameizingira. Hatimaye Merere alihama, akakimbilia Usafwa na kujenga upya karibu na Mbalizi ya leo. Mahali hapo napo pakaitwa Utengule. Wahehe wakawa wamemfukuza adui, na somo la ukuta wakabaki nalo.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashujaa wa Mkwawa walivizia kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, yule ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na mamia ya bunduki za Wajerumani yakaangukia mikononi mwa Wahehe. Berlin haikusahau.

Miaka mitatu baadaye gavana Friedrich von Schele alipanda mwenyewe nyanda za juu na mizinga. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1894 ukuta ulivamiwa, na Tom von Prince alikuwa miongoni mwa maofisa walioongoza shambulio. Watu walipigana nyumba kwa nyumba. Jioni ngome ilikuwa mali ya mshindi, lakini Mkwawa mwenyewe alikuwa ametoweka. Wajerumani wakailipua. Schele alipewa nishani ya Pour le Mérite, heshima ya juu ya kijeshi ya Prussia. Wasangu wa Merere, waliokuwa wameshikamana na Wajerumani, wakafunguliwa njia ya kurudi Usangu.

Mkwawa aliendelea na vita vya msituni kwa miaka minne, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili asitiwe mbaroni. Wajerumani wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga Juni 1954, likiletwa na gavana Edward Twining.

Leo fuvu hilo limo kwenye kasha la kioo katika makumbusho ya Kalenga, pamoja na mikuki, ngao na bunduki. Kijijini lipo pia kaburi la ofisa wa Kijerumani aliyeuawa siku ile ya shambulio. Mwenye nyumba na mvamizi wamelala kijiji kimoja. Kilichokosa mlinzi ni ukuta wenyewe: vipande vichache vilivyosalia vinastahili kuwekewa alama na kulindwa kabla mvua na jembe havijavimaliza.

Maana hati ya umiliki wa nyumba hii, yaani jina lake, haijafutika. Mwaka 1896 Prince alianzisha kituo kipya cha jeshi mlimani na kukiita Neu-Iringa. Waingereza wa Jenerali Northey, waliopitia Tukuyu kutoka Nyasaland, walikitwaa Agosti 1916 na jina la Iringa wakaliacha libaki. Baada ya uhuru, Lugalo ikawa jina la kambi kubwa ya jeshi letu Dar es Salaam. Na Iringa? Limetokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Schele alilipua mawe. Neno lenyewe limeandikwa kwenye kioo cha mbele cha kila basi linalopanda mlima wa Kitonga kuelekea mjini, na makondakta wanaliita kwa sauti tangu alfajiri.