Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Muziki wa Jadi Kaskazini mwa Ulaya

Tangu miaka ya 1990, wapenzi wa muziki duniani wamekuwa wakisikia sauti mpya kutoka kaskazini mwa Ulaya. Wanawake wa kundi la Värttinä la Ufini huimba kwa kasi, kwa sauti kali ya Karelia, huku gitaa na ngoma zikiwakimbiza. Kundi la Garmarna la Uswidi huchukua tungo za kale za mauaji na mapenzi na kuzitia katika midundo ya kompyuta. Mari Boine, Msami wa Norwe, hughani juu ya gitaa la umeme. Wasikilizaji wao hugawanyika pande mbili: wapo wanaowasifu kwa kuufufua muziki uliokuwa umelala, na wapo wanaowalaumu kwa kuuharibu. Pande zote mbili zinaamini jambo ambalo historia hailithibitishi, kwamba palikuwapo wakati muziki huo ulikuwa safi, haujaguswa na mkono wa mgeni. Ushahidi unaonyesha kinyume. Muziki wa jadi wa nchi hizo ulizaliwa kwa kuchanganywa na ukaishi kwa kuchanganywa, na mara mbili ulipobanwa hadi kukosa pumzi, waliokuwa wameukaba ni watu waliotaka usafi: kwanza usafi wa dini, kisha usafi wa taifa.

Fidla, ambayo leo ndiyo nembo ya muziki wa vijijini Norwe na Uswidi, ni ala iliyoundwa Italia na kuenea kaskazini katika karne ya 17 na ya 18. Mafundi wa magharibi mwa Norwe waliipokea wakaigeuza yao. Waliitia nyuzi nne au tano zinazopita chini ya zile za juu. Upinde hauzigusi, bali hutetema zenyewe kila nyuzi za juu zinapopigwa, na sauti hubaki ikielea hewani. Ndiyo fidla ya Hardanger, na ile ya kale zaidi inayojulikana kwa kawaida hutajwa kuwa ya mwaka 1651. Polska, ngoma inayohesabiwa na Waswidi kuwa roho ya muziki wao, ina asili ya Poland, na jina lake halifichi hilo. Ilienea Uswidi katika zama ambazo falme hizo mbili zilikuwa karibu mno. Hata mfalme mmoja, Sigismund, alizitawala zote mbili kati ya 1592 na 1599. Baadaye zikaja walsi na polka, na katika karne ya 19 ikaja kodiani, ala ya viwandani. Kila moja ilipofika ilikuwa muziki wa kigeni wa vijana. Wajukuu wa vijana hao wakaiita ya mababu.

Kubanwa kwa kwanza kulitoka kanisani. Katika karne ya 19 uamsho wa dini ulipita vijijini, na wahubiri wakafundisha kwamba fidla ni chombo cha shetani, kwa kuwa ilikwenda pamoja na pombe, ngoma na mikesha ya harusi. Wapigaji waliookoka walizichoma fidla zao au kuzivunja. Lakini walioumia zaidi ni Wasami, wenyeji wa kale wa kaskazini ya mbali. Wamisionari wa karne ya 17 na ya 18 walizisaka ngoma ambazo Wasami walizitumia katika ibada, wakazichoma au kuzipeleka mijini, na leo zimebaki takriban 70 tu duniani. Mzee mmoja, Anders Poulsen, alishtakiwa kwa uchawi mjini Vadsø mwaka 1692 kwa sababu ya ngoma yake, akauawa na mfungwa mwenzake kabla hukumu haijatoka. Ngoma yenyewe ilichukuliwa Copenhagen, na ni mwaka 2022 tu umiliki wake uliporudishwa rasmi kwa Wasami, katika jumba lao la makumbusho huko Karasjok. Yoiki, uimbaji ambao kwao Msami humwita mtu, mnyama au mahali kwa sauti yake maalumu, ilihesabiwa dhambi. Iliendelea kupigwa marufuku katika shule za baadhi ya maeneo hadi karne ya 20, wakati serikali ya Norwe ilipokuwa ikiwalazimisha watoto wa Kisami kuwa Wanorwe.

Iliporudi hadharani, yoiki haikurudi kwa vazi lake la zamani. Mwaka 1968 Nils-Aslak Valkeapää, mwalimu kwa masomo na mshairi kwa kipaji, alitoa sahani ya yoiki zilizosindikizwa kwa gitaa, na wapo wazee walioona ametia unajisi. Mari Boine naye alizaliwa mwaka 1956 katika nyumba ya wafuasi wa uamsho wa mhubiri Laestadius, ambako yoiki haikuruhusiwa. Alifika kwenye muziki wa watu wake kwa kupitia roki na nyimbo za kupinga dhuluma, na albamu yake ya 1989, Gula Gula, ikaipeleka sauti hiyo mbali kuliko mmisionari yeyote alivyoweza kuizuia. Anayesema kwamba gitaa liliiharibu yoiki anasahau hali ilivyokuwa. Kwa vijana wengi wa kizazi cha Boine, yoiki isiyochanganywa haikuwapo mezani wakaikataa. Ilikuwa imefungiwa nje ya nyumba, ya shule na ya kanisa. Gitaa lilikuwa mlango pekee uliokuwa wazi.

Kubanwa kwa pili ni kwa hila zaidi, kwa sababu kulifanywa na watu walioupenda muziki huo kwa dhati. Mchoraji Anders Zorn aliandaa mashindano ya wapigaji wa jadi huko Gesunda, mkoa wa Dalarna, mwaka 1906. Mwaka 1910 ukafuata mkutano wa kitaifa Skansen, Stockholm. Wakati huohuo wakusanyaji wakiongozwa na Nils Andersson walikuwa wakizunguka na kuandika nota, na kazi yao, Svenska låtar, ilichapishwa kati ya 1922 na 1940 katika sehemu 24 zenye karibu nyimbo 8,000. Deni la Waswidi kwa watu hawa ni kubwa, wala siandiki kuwabeza. Ila waliokoa kwa kuchagua. Kodiani, iliyokuwa ikipigwa na wafanyakazi na wakulima kila Jumamosi, haikupata nafasi kwao. Ilionekana ni takataka ya kiwanda. Waliotakiwa ni wapigaji wazee, ala za kale na mavazi ya mkoa. Muziki uliokuwa kazi ya harusi na dansi ukawa kielelezo cha taifa, na kielelezo hakitakiwi kubadilika.

Hata hivyo, jukwaa lenyewe hubadilisha. Norwe ililiona hilo mapema. Mwaka 1849 Ole Bull, mpiga fidla wa kimataifa, alimpandisha jukwaani mjini Christiania, Oslo ya leo, mwanakijiji wa Telemark aliyejulikana kwa jina la Myllarguten. Kuanzia hapo ngoma za kuchezwa zikaanza kuwa muziki wa kukaa na kusikiliza, na wapigaji wakazirefusha na kuzipamba kwa ajili ya ukumbi. Nusu karne baadaye Knut Dahle, aliyejifunza kwa Myllarguten, alihofia kwamba nyimbo zake zingekufa pamoja naye, akamwandikia mtunzi Edvard Grieg. Mwaka 1901 mpiga fidla Johan Halvorsen aliziandika nota zake, na Grieg akazitungia piano. Ni kazi nzuri mno. Lakini piano haina zile sauti zilizo kati ya kibonye na kibonye, na nota haiwezi kushika pigo linalofupishwa hapa na kurefushwa pale, kila wilaya kwa kiasi chake. Kilichookolewa kwenye karatasi kilikuwa mifupa ya wimbo. Namna ya kuupiga ilibaki mikononi mwa watu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Jadi ya muziki huu haikai katika ala, wala katika vazi, wala katika nota. Inakaa katika namna: mapigo matatu ya polska yasiyolingana urefu, uzi mmoja unaoachwa uvume chini ya mwingine, sauti zisizopatikana kwenye piano, na jinsi upinde unavyovuta na kuachia kiasi kwamba mchezaji hujua pa kuweka mguu. Aliyeirithi namna hiyo kwa kukaa na fundi anaweza kuivika nguo yoyote. Nikelharpa ya Uppland ni shahidi mzuri. Ni ala inayopigwa kwa upinde, na nyuzi zake hubanwa kwa vibonye vya mti. Mchongo wa kanisani Källunge, Gotland, wa karibu mwaka 1350, unaonyesha ala zinazofanana nayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapigaji wake walikuwa wamebaki wachache. Mwaka 1929 August Bohlin alitengeneza aina mpya inayoweza kupiga sauti zote kumi na mbili, na Eric Sahlström akaiendeleza, akaitungia nyimbo, akafundisha watu kuipiga na kuitengeneza. Nikelharpa nyingi zinazopigwa leo zimetokana na mabadiliko hayo. Kama Sahlström angeogopa kuigusa ala ya babu zake, huenda tungeiona makumbusho tu. Olov Johansson wa kundi la Väsen, lililoanza mwaka 1989 na kuitia nikelharpa pamoja na gitaa la nyuzi kumi na mbili, hupiga aina mpya na ya kale pia, na hilo halikumpunguzia kitu mbele ya mafundi wa Uppland.

Ufini ilikwenda mbali zaidi, ikaufanya uchanganyaji kuwa somo. Chuo cha Sibelius mjini Helsinki kilifungua idara ya muziki wa jadi mwaka 1983 chini ya Heikki Laitinen, na wanafunzi walitakiwa kujifunza kantele, ala ya nyuzi ya Kifini, na uimbaji wa kale kwa undani, kisha watunge muziki wao bila woga. Maria Kalaniemi alitoka humo akiwa mpiga kodiani mashuhuri, na ala iliyofukuzwa na wapenda usafi wa Uswidi ikapata heshima ya chuo kikuu. Värttinä, iliyoanza mwaka huohuo wa 1983 kama kikundi cha watoto na vijana katika kijiji cha Rääkkylä, ilikua sambamba na mafunzo hayo.

Pingamizi la kwanza lina uzito, nami nalikubali nusu: kwamba midundo ya mashine hulainisha kila kitu. Ngoma ya kompyuta hugawa mapigo sawasawa, na polska iliyonyooshwa hivyo hugeuka walsi ya kawaida. Zimerekodiwa nyingi za namna hiyo, na si kazi nzuri. Ila kosa ni la aliyerekodi bila kuisikia namna, si la kuchanganya. Mwaka 1964 Jan Johansson alizichukua nyimbo kutoka Svenska låtar akazipiga kwa piano ya jazi, akisindikizwa na besi peke yake. Hakuwa mpigaji wa kijijini, lakini aliacha nafasi na ukimya ambao nyimbo hizo ziliuhitaji, na albamu yake ikawa ya jazi iliyouzwa kuliko zote Uswidi. Mfano ulio karibu zaidi na Waafrika ni wa Ellika Frisell, mpiga fidla wa Uswidi, na Solo Cissokho, mpiga kora kutoka Senegal. Katika albamu yao ya 2002 hakuna anayemezwa: Frisell anabaki na pigo lake la polska, Cissokho na mizunguko yake ya Kimandinka, na ukali wa kazi uko pale mapigo hayo yanapogongana. Mwaka 2004 walipata tuzo ya BBC ya muziki wa dunia.

Pingamizi la pili ni la kisiasa. Watu husema kwamba asipolindwa mwenyeji, utamaduni mkubwa utammeza. Neno hilo likitoka kwa Msami ni la haki. Likitoka kwa vyama vinavyochukia wahamiaji ni silaha, na wanamuziki wenyewe wameliona: mwaka 2010, ambao ndio mwaka chama cha Sverigedemokraterna kiliingia bungeni kikisifu urithi wa Kiswidi, wapigaji wa muziki wa jadi waliunda mtandao wa kupinga chuki dhidi ya wageni. Nani alijua kuliko wao kwamba polska ilitoka ng'ambo?

Linabaki swali la mwenye mali, na hapa sina haraka ya kuwatetea wachanganyaji. Yoiki ya mtu ni ya yule anayeimbwa, si ya mwimbaji. Kuichukua kama pambo la wimbo wa dansi ni kumvua mtu jina lake. Olimpiki ya Lillehammer ya 1994 iliwagawa hata Wasami: Valkeapää aliimba katika ufunguzi, Boine alikataa, akiona watu wake wangekuwa mapambo ya taifa lililowanyamazisha. Naona wote wawili walikuwa na haki, kwa kuwa kila mmoja aliamua mwenyewe. Filamu ya Frozen ya 2013 ilifunguliwa kwa muziki wa Frode Fjellheim, mtunzi mwenye asili ya Kisami, na bado mjadala ulizuka juu ya utamaduni uliokopwa bila kutajwa. Kwa filamu ya pili, ya 2019, Disney ilitia saini mkataba na mabunge ya Wasami na Baraza la Wasami, ikakubali washauri wao, na filamu ikatolewa pia kwa Kisami cha Kaskazini. Mkataba huo haukumzuia mtu kuchanganya. Ulimtaka aombe hodi. Wakati huo mwenye mali mmoja, Marja Mortensson, Msami wa Kusini, alikuwa amekwisha kutoa albamu yake ya 2018, Mojhtestasse. Yoiki za eneo lake zilikuwa karibu kupotea, naye alijifunza nyingine kutoka rekodi za kale zilizokuwa zimehifadhiwa, akaziimba upya akisindikizwa na ngoma na tuba ya Daniel Herskedal, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Spellemann, tuzo kuu ya muziki nchini Norwe.